Mbao za Keko na Mizani ya Maji



Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo kila mmoja wenu amekwisha kuliona kwa macho yake, walakini ni wachache waliolipima: kwa nini vitu viwili vilivyo sawa kwa ukubwa havilingani kwa uzito. Jambo hili lilitugharimu fedha sisi wenyewe, na fedha zile hazikuwa zetu. Tutawaeleza mambo yalivyokuwa, ila kwanza hapana budi tuweke msingi.

Twaanzia Keko. Atokaye katikati ya mji wa Dar es Salaam kwenda upande wa Chang'ombe na Temeke huwapita mafundi seremala wa mahali hapo, na yamkini atawasikia kabla ya kuwaona, kwa sauti ya misumeno na randa. Vitanda, makabati na viti vimepangwa ukingoni mwa njia, na harufu ya mbao imeenea kote. Mbao zenyewe hutoka mbali. Mninga hutoka katika misitu ya miombo, kama ile ya Tabora. Mtiki hutoka katika mashamba kama la Longuza, upande wa Tanga. Msonobari, ule ubao mweupe wa bei nafuu, hutoka katika mashamba makubwa ya Sao Hill karibu na Mafinga. Mnunuzi asiyejua huona ubao ni ubao, lakini mchukuzi apakuaye gari hujua begani mwake kwamba sivyo.

Hebu tupime alilolijua bega lile. Tukate vipande vya mraba, kila upande uwe na sentimeta 10, urefu, upana na kimo. Kipande cha namna hiyo huchukua nafasi sawasawa na lita moja. Lita moja ya maji matupu ina uzito wa kilo moja, na hiki ndicho kipimo tutakachokirudia. Kipande cha msonobari mkavu kitakuwa na uzito wa gramu 450 au karibu na hapo. Mninga mkavu utafika gramu 600, pengine na kuzidi. Mpingo, ule mti mweusi wanaouchonga Wamakonde, utapita gramu 1,200. Miti ya aina moja nayo hutofautiana kidogo, kwa ardhi na kwa umri, basi msizishike hesabu hizi kama amri. Lakini kipande cha chuma cha ukubwa uo huo kitakuwa na uzito wa kilo 7 na gramu 800 hivi, na cha dhahabu, kama kuna mtu wa kutuazima, kilo 19 na gramu 300.

Uzito wa kitu kwa kadiri ya nafasi kinayoichukua ndio huitwa densiti katika vitabu vya shule vya siku hizi. Kuupata ni rahisi: ugawe uzito kwa ujazo. Na kanuni yake ya kwanza yafahamika hata kwa mtoto achezaye mtoni. Kitu chenye densiti ndogo kuliko maji huelea, na chenye densiti kubwa kuliko maji huzama. Ndiyo sababu kipande cha mpingo, ingawa ni mti, hushuka chini ya ndoo kama jiwe. Wanafunzi wetu wa mwaka wa kwanza hukataa kusadiki jambo hili mpaka wakitumbukize kwa mikono yao wenyewe.

Vitu vya majimaji navyo hufuata kanuni iyo hiyo. Mafuta ya nazi hukaa juu ya maji, kila mpishi ajua. Mafuta ya taa ni mepesi zaidi, lita yake ni kama gramu 800 tu. Hapa twaomba akina mama na akina baba watege masikio vizuri. Kibatari kikianguka na mafuta ya taa yakashika moto sakafuni, msimwage maji. Maji hushuka chini, mafuta hupanda juu yake yakiwa bado yawaka, na moto huchukuliwa na maji mpaka kila pembe ya chumba. Mwageni mchanga, au funikeni kwa blanketi zito lililoloweshwa. Haya tuyaache, turudi kwenye safari yetu.

Mwanafunzi mwerevu hunyosha mkono sasa hivi na kuuliza: Mwalimu, kama chuma ni kizito karibu mara nane kuliko maji, mbona pantoni la Kigamboni huelea, nalo ni la chuma, tena limebeba magari? Swali zuri. Jibu lake ni kwamba maji hayaulizi kitu kimetengenezwa kwa nini. Huuliza kitu kizima, pamoja na utupu ulio ndani yake, kina uzito gani kwa nafasi yote kinayoichukua. Tumbo la meli limejaa hewa, na hewa ni kama si kitu, maana lita moja yake ni gramu moja na kidogo. Chuma na hewa vikihesabiwa pamoja, meli huwa nyepesi kuliko maji ya ukubwa wake.

Ile meli kongwe ya ziwa Tanganyika, Liemba, ni shahidi. Ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwa bahari mpaka Dar es Salaam na kwa gari moshi mpaka Kigoma, nako ikaunganishwa upya. Mwezi wa Julai 1916, katika vita vile, Wajerumani waliizamisha wenyewe ili adui asiipate. Chuma chake hakikuongezeka hata ratili moja siku ile. Kilichobadilika ni kile kilichokuwamo tumboni. Mwaka 1924 Waingereza waliiibua, na mwaka 1927 ikarudi kazini na jina lake jipya.

Lakini wako wengi kati yenu wanaoikumbuka meli nyingine, na kwa majonzi. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilipinduka katika ziwa Victoria, ikiwa imekaribia Mwanza. Haikuzama mara moja. Ilibaki ikielea kifudifudi, kwa kuwa hewa ilikuwa imenaswa ndani yake, na watu walikuwamo wakiwa hai. Waokoaji wakatoboa bamba la chuma ili wawatoe. Tundu lile likaitoa hewa, maji yakashika mahali pake, na meli ikashuka. Mamia ya watu walikufa katika msiba ule. Hatusemi haya ili kuwalaumu waliotoboa. Nani angesikia watu wamo ndani akakaa kimya? Twasema kwa sababu hewa ile isiyoonekana ndiyo iliyokuwa ikiishika meli.

Sasa tazameni kipande cha ubao kama mnavyoitazama meli. Ubao una vyumba vingi mno, vidogo hata jicho haliwezi kuviona, na kila kimoja kina kuta zake. Wataalamu wamezipima kuta hizi wakaona ya kuwa karibu kila mti duniani, uwe msufi au mpingo, densiti ya kuta zenyewe ni ile ile: mara moja na nusu ya maji. Maana yake ni kwamba mti wenyewe, ukiondolewa utupu wake, huzama. Msufi ni mwepesi kwa kuwa vyumba vyake ni vipana na kuta ni nyembamba. Mpingo ni mzito kwa kuwa kuta ni nene na utupu ni kidogo sana. Tofauti yote tuliyoipima kwa vile vipande vyetu ni tofauti ya utupu. Tena, kama ilivyo meli, vyumba vile vikiingia maji, mti huwa mzito, na gogo lililolala mtoni miaka mingi mwishowe hushuka chini.

Haya tuliyajua. Tulikuwa tukiyafundisha. Sikilizeni basi yaliyotupata.

Wanafunzi wa chuo chetu walichanga fedha, shilingi kwa shilingi, ili wapate kabati la vitabu. Walitaka la mninga, kwa sababu mninga haupindi upesi na wadudu hawaupendi. Tulikwenda nao Keko, kwa fundi mmoja ambaye jina lake hatutalitaja. Mbao alizotuonyesha zilikuwa nyeupe-nyeupe. Tulipouliza, alisema ya kuwa ni za pembeni mwa gogo, na kweli mninga una sehemu nyeupe upande wa nje, ijapokuwa moyo wake ni wa kahawia. Wanafunzi wakatutazama. Basi tukasema, kwa sauti ya mtu mwenye elimu, kwamba maji yatakata shauri.

Tuliomba kipande cha mabaki, chembamba, chenye urefu wa sentimeta 10, unene ukiwa sawa kutoka juu mpaka chini. Tukakipiga alama kila sentimeta. Halafu tukakisimamisha ndani ya chupa nyembamba iliyojaa maji, ili kisilale ubavu. Njia hii ni nzuri sana, tena haihitaji mizani: sehemu iliyozama ndiyo densiti. Zikizama sentimeta tano katika kumi, ubao una nusu ya uzito wa maji. Wetu ulizama sentimeta sita. Sita katika kumi! Ndiyo hesabu ya mninga, kama tulivyoiandika ubaoni wiki ile ile. Tulilipa, tukarudi chuoni tumefurahi, na mwanafunzi mmoja akakitia kipande kile mfukoni kwa ukumbusho.

Kabla miezi mitatu haijaisha, milango ya kabati ilikataa kufunga. Rafu zilipinda katikati kama mgongo wa punda mzee, na ubavuni palifunguka ufa wa kuingia kidole. Tulimwita mzee mmoja seremala, jirani wa chuo, atazame. Alipitisha kidole juu ya ubao, akaunusa, akaukwangua kwa ukucha, akasema, “Mwalimu, huu ni msonobari.”

Tukamwambia, “Mzee wetu, tuliupima kwa maji. Ulitoka sita kwa kumi.”

Akacheka, bila dharau. “Uliupima lini? Ulipokuwa mbichi? Basi ulipima maji, Mwalimu. Hukupima ubao.”

Tulinyamaza, maana alisema kweli. Ubao ule ulikuwa haujakauka. Vyumba vyake vilikuwa na maji, na maji yale yaliuongezea uzito mpaka ukafanana na mninga. Ulipokauka ndani ya chumba chetu, maji yakaenda zake, kuta zikajikunja, na kabati likapinda. Hatuwezi kusema kwa yakini kama yule fundi alitudanganya au alidanganywa yeye na aliyemwuzia. Ila swali alilouliza mzee lilikuwa limo ndani ya somo tulilolifundisha sisi kwa vinywa vyetu, na kati yetu sote, walimu na wanafunzi, hakuna aliyeliuliza.

Basi anayetaka kuupima ubao kwa njia hii na afanye hivi. Akate kipande chake, akiweke mahali pakavu penye hewa, nje ya jua kali, akipime uzito kila siku chache. Mizani ya dukani yatosha, ikiwa kipande si kidogo mno. Kipande kibichi kitapungua uzito kila mara. Kikiacha kupungua, kimekauka, na hapo ndipo akate kijiti cha sentimeta 10 na kukisimamisha katika chupa nyembamba ya maji. Asome alama upesi, kwa kuwa mti hunywa. Asiye na nafasi ya kungoja siku zote hizo afuatane na seremala mzee, amlipe kidogo kwa pua yake na ukucha wake. Twakiri ya kuwa ukucha ule ulitushinda.

Wanafunzi hawakutukasirikia, na hilo lilituuma kuliko hasira. Mmoja wao, yule aliyetia kipande mfukoni, alikuja nacho siku ya pili. Kilikuwa kimekaa kifuani mwa sanduku lake muda wote ule, pakavu. Tukajaza chupa maji mbele ya darasa, tukakisimamisha tena. Safari hii zilizama sentimeta nne na nusu. Akachukua kalamu, akachora mstari wa pili chini ya ule wa kwanza, akaandika tarehe zote mbili. Kipande hicho kimetundikwa kwa uzi ubavuni mwa kabati, karibu na ule ufa, na kila mwaka wanafunzi wapya huuliza mistari ile miwili ni ya nini.