Poloni na Vichanga

Machi 2018 serikali ya Afrika Kusini ilitaja chanzo cha mlipuko wa ugonjwa wa bakteria wa listeria: poloni, ile nyama ya kusindikwa ya bei nafuu, iliyotoka kiwanda kimoja cha Polokwane. Zaidi ya watu 1,000 waliugua, zaidi ya 200 wakafa. Takriban wagonjwa wanne kati ya kumi walikuwa vichanga, ambao poloni yenyewe hata hawakuionja. Mama mjamzito huenda akapata homa ndogo tu, akadhani ni mafua. Kumbe bakteria wamevuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto tumboni. Wazee na wanaoishi na VVU nao wamo hatarini. Na friji, tunayoiamini mno, haiwaui bakteria hawa. Humo huendelea kuzaliana, polepole. Chakula kikipikwa kikaiva barabara, bakteria hao hufa.