Tumpokee Mtoto Mwenye Mgongo Wazi Kabla Hajazaliwa

(Hotuba ya mratibu wa huduma za afya kwenye semina ya kamati za parokia na wafadhili. Imefupishwa kidogo.)



Nimeombwa nizungumzie wazazi vijana wanaoambiwa, mtoto akiwa bado tumboni, kwamba ana tatizo kubwa. Zamani habari kama hizi tulizipata siku ya kujifungua. Siku hizi kipimo cha ultrasaundi kimefika katika hospitali nyingi za wilaya, na tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri kila mjamzito apimwe angalau mara moja kabla ya wiki ya 24. Maana yake ni kwamba familia nyingi zaidi zitajua mapema. Swali langu kwenu ni moja: zile wiki 16 zinazobaki, sisi kama kamati tunazitumiaje?

Nitachukua mfano wa mgongo wazi. Mrija unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya siku 28 za kwanza baada ya mimba kutungwa, wakati akina mama wengi hawajajua hata kama ni wajawazito. Usipojifunga sehemu ya chini, mtoto huzaliwa na uvimbe au kidonda mgongoni. Miguu inaweza kuwa dhaifu, mkojo na haja kubwa hutoka bila kujizuia, na wengi wao hujaa maji kichwani, kichwa kikawa kikubwa.

Wapo wanandoa vijana wa kisiwa kimoja cha Ziwa Victoria walioniruhusu niwasimulie habari yao bila majina. Mume ni mvuvi, mke ni fundi cherehani. Mimba ilikuwa ya kwanza. Mtaalamu aliyempima yule dada alimwambia kwamba mtoto ni mlemavu, akamkabidhi karatasi, akamwita mgonjwa mwingine. Walirudi nyumbani na karatasi ambayo hawakuweza kuisoma.

Nyumbani maneno yakaanza. Mama mkwe akauliza ni vidonge gani vya uzazi wa mpango alivyowahi kumeza. Baba mdogo akataka waende kwa mganga. Wengine wakanong'ona kwamba mke ametembea nje ya ndoa. Mume akahamia kambi ya wavuvi, akakaa huko wiki mbili. Mke akaacha kliniki, maana kila akipita watu walimtazama tumbo.

Aliyebadilisha mambo ni mwenyekiti wa jumuiya yao, mama mmoja asiye na elimu kubwa. Alimfuata yule kijana kambini, akamrudisha. Kisha akamwita muuguzi wa zahanati, akawakalisha mume, mke na mama mkwe kwenye mkeka mmoja, wakaelezwa kwamba kasoro hii haiji kwa laana wala kwa uzinzi, na wala si kosa la mke. Baada ya hapo kamati ya parokia ilitenga nauli ya meli na fedha za chakula mapema, si siku ya uchungu. Wiki ya 37 yule dada alivuka kwenda Mwanza, akakaa kwa ndugu karibu na hospitali ya rufaa.

Mtoto wa kike alizaliwa hapo. Kidonda kilifunikwa kwa shashi safi iliyoloweshwa maji ya chumvi ya hospitali, akalazwa kifudifudi, na siku ya pili akafanyiwa upasuaji wa kufunga mgongo. Baada ya wiki tatu aliwekewa mrija wa kutoa maji kichwani kwenda tumboni. Leo ana miaka minne. Hatembei bila kushikiliwa. Kila baada ya saa chache lazima awekewe katheta ili figo zisiharibike, na wa kwanza kujifunza kazi hiyo alikuwa baba yake. Ana maneno mengi, na anajua majina ya mitumbwi yote inayotia nanga pale mwaloni kwao.

Sasa fikirini kama angezaliwa kijijini bila maandalizi. Kidonda kingepakwa majivu au dawa za majani. Safari ingeanza siku ya tano au ya kumi, vijidudu vikiwa vimeshaingia kwenye uti wa mgongo. Madaktari hupenda kufunga mgongo ndani ya saa 48 hivi. Ultrasaundi haimponyi mtoto huyu. Inatupa muda tu, na muda huo tukiupoteza kwa lawama, ni heri tusingepima.

Kwa hiyo naomba mambo matatu.

Kwanza, kila kamati iteue watu wawili, mwanamke na mwanamume, wa kuwatembelea wazazi kama hawa ndani ya siku chache. Wasiende kuhubiri. Waende kusikiliza, wamwone baba pia, na wampeleke muuguzi awaeleze wakwe. Mama anayesali apewe moyo wa kusali, na tarehe ya hospitali asiikose.

Pili, nauli. Wafadhili wetu wapendwa, mmetusaidia majengo na mashine, nasi tunashukuru sana. Nauli ya meli haina kibao cha ufunguzi wala picha ya kutuma kwenu, lakini ndiyo inayoamua kama mtoto atafika. Na safari haiishi kwa upasuaji mmoja. Mrija wa kichwani unaweza kuziba wakati wowote. Mtoto akitapika mfululizo, akilala kupita kiasi, au utosi ukivimba, aende hospitali siku hiyo hiyo. Huko Mbale, Uganda, daktari mpasuaji Benjamin Warf na wenzake katika hospitali ya CURE walionyesha, miaka ya 2000, kwamba baadhi ya watoto wanaweza kufunguliwa njia ya maji ndani ya ubongo bila kuwekewa mrija. Ni habari njema kwa watu wanaoishi mbali, lakini hata hao wanahitaji kurudi kuangaliwa.

Tatu, mimba inayofuata. Utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 1991 ulionyesha kwamba mama aliyewahi kupata mtoto wa namna hii, akimeza foliki asidi miligramu 4 kila siku kuanzia kabla ya mimba, hatari ya kurudia hupungua kwa zaidi ya theluthi mbili. Kipimo hicho apewe na daktari. Asikifikishe kwa kuongeza vidonge vya mchanganyiko wa vitamini, maana vitamini A ikizidi humdhuru mtoto. Kwa wanawake wengine inatosha miligramu 0.4, nayo ianze kabla ya mimba. Vidonge vya kliniki ya miezi minne vina faida ya damu, ila mgongo umeshajifunga au umeshakataa. Tanzania iliweka kanuni za kuongeza virutubishi kwenye unga wa viwandani mwaka 2011, lakini dona tunayosaga kwenye mashine za vijijini kwa kawaida haiongezwi kitu. Semina za ndoa katika parokia zetu ni mahali pazuri pa kulisema hili, kwa mabinti na kwa vijana wa kiume.

Sitawaficha jambo gumu. Zipo kasoro ambazo mtoto haishi. Fuvu lisipojifunga, mtoto huaga dunia kabla ya kuzaliwa, au saa chache au siku chache baadaye, na hakuna upasuaji wa kumwokoa. Hapo wazazi wasidanganywe kwa matumaini. Wapewe nafasi ya kumshika mtoto wao, kumpa jina na kumzika kwa heshima, na jumuiya ikae nao matanga kama ingekaa kwa mtu mzima. Nimeona akina mama walioambiwa wasilie kwa sababu "hakuwa mtu bado". Maneno hayo hayasahauliki.

Mkirudi nyumbani, kabla ya kikao chenu kijacho, andikeni majina ya wale wawili, kiasi cha nauli mtakachotenga, na namba ya simu ya hospitali inayofunga migongo kanda yenu. Bandikeni karatasi hiyo zahanati, pale wajawazito wanaposubiri.