Historia Yetu Haiko Mbali

Mazungumzo ya Afisa Utamaduni mbele ya wazazi, walimu na wanafunzi wa sekondari



Wengi hudhani kwamba kuona mambo ya kale ni lazima kwenda Kilwa au Olduvai, safari ambazo mkulima wa mpunga hazimudu. Mwanafunzi wa Kyela aweza kuanza karibu, kwa nauli ya basi dogo na chakula alichofungiwa nyumbani.

Na aanze Matema siku ya Jumamosi. Sokoni Lyulilo atakuta vyungu vilivyofinyangwa na akina mama wa Kikisi wa Ikombe na kuletwa kwa mitumbwi. Aulize udongo huchimbwa wapi, vyungu huchomwaje, nani alimfundisha mfinyanzi, na zamani vilibadilishwa kwa kitu gani. Hilo ndilo somo la biashara ya kabla ya ukoloni, na wa kulijibu wameketi mbele yake.

Safari ya pili na iwe ya kupanda kupitia Ipinda hadi Masoko, katika wilaya jirani ya Rungwe. Kando ya ziwa lililo ndani ya kreta lipo boma la mawe walimokaa askari wa Wajerumani. Septemba 1914 jeshi lao lilivuka Mto Songwe, likaishambulia Karonga, likashindwa. Vitabu vimehifadhi majina ya maofisa. Wapagazi waliobeba mizigo ya vita ile wengi hawakuandikwa popote. Majina yao, kama yangalipo, yamo vinywani mwa wazee wetu, na kila mwaka tunawazika baadhi ya wazee hao.

Kwa sababu hiyo nashauri hivi. Shule ziende kwa makundi, ili gharama ya gari igawanywe. Kundi lipige hodi kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji. Kila mwanafunzi aandike jina la mzee, umri wake, na nani aliyemsimulia. Habari moja iulizwe kwa watu wawili au watatu. Wakitofautiana, zote ziandikwe. Daftari likijaa, nakala ibaki shuleni kwa ajili ya watakaofuata.

Vigae vya kale na mawe ya boma yaachwe yalipo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda mabaki ya kale. Tena kigae kilichoachwa mahali pake humweleza mtaalamu nani aliishi hapo. Kikitiwa mfukoni, kimenyamaza.

Wazazi wenzangu, nauli hiyo si anasa, ni sehemu ya ada ya elimu. Na asiyekuwa nayo mwezi huu asikae bure: leo jioni amketie bibi yake, amuulize ukoo ulitoka wapi na ulifikaje ufukoni hapa. Safari hiyo haina nauli, lakini haingoji.