Tuta la Mchicha Penye Maji ya Chumvi

Ndugu wakulima wa Mbuchi,

Mpunga hupenda maji. Mchicha hautaki kusimama majini. Mizizi yake ikikaa topeni siku chache huoza, na majani hugeuka manjano. Kwa hiyo inueni tuta.

Chagueni mahali pa juu karibu na nyumba. Tuta liwe na upana wa futi 3, ili mkono ufike katikati bila kulikanyaga, na kimo cha futi 1. Zuieni kingo kwa magogo ya mnazi. Changanyeni udongo na samadi iliyooza vizuri. Lakini msichote tope la mikokoni, hata likionekana jeusi lenye rutuba: likikauka hugeuka kali likaunguza miche.

Adui mkubwa ni chumvi. Wakati wa kiangazi maji ya mto hupungua, na ya bahari hupanda. Yaonjeni kabla ya kumwagilia. Yakiwa na chumvi yaacheni, mtumie ya mvua au ya kisima cha maji matamu. Mkiona unga mweupe juu ya udongo, hiyo ni chumvi iliyopandishwa na jua. Mwagieni maji matamu mengi yaishushe, kisha funikeni tuta kwa nyasi kavu. Hapo ndipo tuta hulipa jasho lake, maana bustani bapa haina pa kuitoa chumvi hiyo.

Mchicha huwa tayari kuchumwa baada ya wiki 3 au 4. Tuta halitazuia gharika kama ile iliyoikumba Rufiji na Kibiti Aprili 2024. Basi wekeni mbegu za akiba katika chupa kavu yenye kifuniko, juu darini.