Kobe Si Kuku

(Hotuba ya Afisa Uhusiano wa Polisi katika mkutano wa usalama wa kijiji, kando ya Ziwa Victoria, Uganda)



Mwezi uliopita mzee mmoja wa eneo hili alifika kituoni akiwa na wasiwasi. Nyumbani kwake alikuwa na kobe aliyemwokota porini miaka 11 iliyopita, na jirani alikuwa amemtisha kwamba atafungwa. "Afande," akaniuliza, "kobe huyu hula mkononi mwa wajukuu wangu. Ng'ombe wangu hunipiga mateke. Yupi kati yao ni wa mwitu?"

Nakiri kwamba sikuwa na jibu la haraka. Nimelitafuta, nami naliwasilisha mbele yenu.

Mnyama kumzoea binadamu ni jambo moja. Kuwa mnyama wa kufugwa ni jambo jingine. Ng'ombe alianza kufugwa yapata miaka 10,000 iliyopita. Tangu hapo wafugaji wamekuwa wakichagua dume na jike wa kuzalisha: mpole akabakizwa, mkali akachinjwa. Upole huo umo katika damu ya ng'ombe, hata siku anaporusha mateke. Tembo wa Asia, kwa upande mwingine, amewabebea watu magogo kwa karne nyingi, lakini hakuna aliyemchagulia wazazi kwa namna hiyo, na kila ndama hulazimika kufunzwa upya. Kobe wa mzee wetu naye hakugeuka kuwa mfugo. Alijifunza tu chakula kinatoka wapi.

Isitoshe, kobe huweza kuishi kuliko mwenye nyumba. Yule maarufu aitwaye Jonathan alifikishwa kisiwani St Helena mwaka 1882 akiwa tayari amekomaa, akashuhudia magavana wakija na kuondoka. Wajukuu wangerithi kobe pamoja na kesi!

Kesi naitaja kwa sababu ipo. Chini ya Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019, wanyamapori wako mikononi mwa Serikali kwa niaba ya wananchi, na kummiliki mmoja wao bila kibali ni kosa. Kuna na suala la afya. Kobe asiyeonyesha ugonjwa wowote huweza kubeba vijidudu vya salmonela, vinavyoharisha watoto vibaya. Marekani ilipiga marufuku uuzaji wa kobe wadogo mwaka 1975 kwa sababu hiyo. Basi watoto wanawe mikono kwa sabuni.

Aliye na mnyama wa namna hii asimtupe kichakani usiku. Huenda akasambaza maradhi, au akafa njaa. Aje kituoni mchana, nasi tutawaita maafisa wa Mamlaka ya Wanyamapori. Anayejitokeza mwenyewe hatumpokei kama jangili.

Mzee yule alirudi siku ya tatu, kobe akiwa ndani ya karai, wajukuu wakimfuata nyuma wakilia. Aliuliza iwapo wangeruhusiwa kumtazama tena. Nilimweleza kwamba kituo cha wanyamapori cha Entebbe hupokea wageni, na kwamba watoto ndio wageni wake wakubwa.