Kabla ya Kulipa Karo, Kabla ya Kuchimba Msingi

Hotuba ya afisa wa habari wa kaunti kwa wazazi na wenye nyumba za kupangisha, Voi. Imefupishwa kidogo.



Nimeombwa nizungumze juu ya chuo kikuu na nyumba za wanafunzi, kwa sababu maswali yanayoletwa ofisini kwetu ni mengi na mengine hayatuhusu. Wiki haipiti bila mzazi kuja na barua ya mwanawe akitaka kaunti imbadilishie kozi. Hatuna uwezo huo. Katiba, katika Jedwali la Nne, imetupa elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Vyuo vikuu viko chini ya serikali ya kitaifa. Nimeanza na hilo ili mtu asije akatumia nauli bure kutoka Taveta hadi Mwatate.

Tukumbuke pia tulikotoka. Chuo Kikuu cha Taita Taveta kilianza kama bewa la Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, kile cha Juja. Kikawa chuo kishiriki, na mwaka wa 2016 kikapewa hati ya kujitegemea. Wapo hapa ambao mpaka leo wanakiita "kampasi". Siwalaumu, jina la kwanza huwa gumu kutoka mdomoni.

Mwaka huohuo wa 2016 mambo yaligeuka nchini, na hapa ndipo nawaomba wenye ploti mnisikilize. Mwaka wa 2015, watahiniwa 169,492 wa KCSE walipata alama ya C+ na zaidi. Mwaka wa 2016, baada ya udanganyifu kudhibitiwa, walikuwa 88,929. Mwaka wa 2017 wakashuka tena hadi 70,073. Wakati huohuo serikali ilianza kuwapeleka baadhi ya wanafunzi inaowafadhili katika vyuo vikuu vya kibinafsi. Kwa hivyo waliobaki kujiunga na mpango wa kujilipia, ule tuliouita "paraleli", walipungua sana.

Mabewa mengi ya vyuo vya umma yalikuwa yakiishi kwa pesa za hao wa paraleli. Mengine yalikuwa yamepanga ghorofa mjini, juu ya benki na maduka. Miaka iliyofuata, kadhaa yakafungwa na wanafunzi wakahamishwa. Uamuzi ulifanywa katika chuo mama, mbali na mji wenyewe. Mwenye hosteli hakuulizwa, wala mama wa chapati. Mkopo wa benki, lakini, ulibaki palepale alipoukopea.

Sisi chuo kilibaki. Kwa maoni yangu, kilichosaidia ni kwamba kilikuwa na masomo yanayoifaa ardhi hii. Uhandisi wa madini hapa si jambo la kwenye karatasi tu: tuna vito Kasigau na Kamtonga, tuna chuma Kishushe. Na tangu Sheria ya Madini ya 2016, mrabaha unagawanywa asilimia 70 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii inayoishi penye machimbo. Kijana wa hapa akijua kupima jiwe na kusoma leseni, mzee wake hauzi kito kwa bei ya kokoto.

Hata hivyo, kubaki kwa chuo hakumaanishi vyumba vitajaa kila mwaka. Idadi ya wanafunzi inategemea matokeo ya mtihani, kozi wanazochagua, na pesa za serikali. Mwenye nia ya kujenga vyumba arobaini, mimi ningemshauri aanze na kumi, aone vinavyokaa, na avijenge kwa namna ambayo hata mwalimu mwenye watoto anaweza kuhamia. Chumba kinachomfaa mwanafunzi peke yake kina miezi mirefu ya kulala tupu.

Maji nayo. Sote tunajua bomba la Mzima linatupita likienda Mombasa, na sitaanzisha mjadala huo leo, hatutamaliza. Ninachosema ni kwamba usipangishe kabla hujawa na tangi na choo kinachotosha. Wanafunzi ishirini kwa choo kimoja ni kuita kipindupindu.

Na ndovu. Hifadhi za Tsavo zimechukua zaidi ya nusu ya kaunti hii, na ndovu hasomi mipaka ya ploti. Mwanafunzi aliyetoka mji mkubwa hajui kwamba njia ya mkato ya saa moja usiku ina wenyewe. Kabla ya kununua kiwanja cha bei nafuu, waulize majirani wanyama hupitia wapi. Bei ile mara nyingi ina sababu. Taa za nje na usafiri wa kurudi jioni viwe sehemu ya hesabu yako.

Wazazi, kwenu nina mawili. La kwanza, mtoto akiitwa katika bewa lolote, la hapa au la mbali, ulizeni Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu kama chuo na kozi vimeidhinishwa. Ulizeni kabla ya kuuza mbuzi. Karo hulipwa kwa akaunti ya chuo. Anayewapa nambari ya simu yake binafsi, mwacheni. La pili, kupata nafasi si kupata pesa. Tangu 2023 mwanafunzi anayepelekwa chuo na serikali hujaza mwenyewe ombi la ufadhili na la mkopo, na hupangwa kulingana na hali ya nyumbani. Asiyejaza hupewa bili nzima. Keti naye mkijaza, kwa maana yanaulizwa mambo ambayo mtoto hayajui, kama mapato yenu.

Upande wa kaunti, kazi yetu ni ramani za majengo, leseni za biashara, afya ya jamii, taka na barabara za kaunti. Mwenye ramani aje nayo ofisi ya mipango pamoja na hati ya ardhi, kabla ya kuchimba msingi. Tukikuta ukuta umeshafika kwenye lenta, mazungumzo huwa ya aina nyingine.

Nimemaliza yangu. Naona mzee amenyanyua mkono tangu nilipotaja ndovu; mpeni kipaza sauti.