Ushuru Unaopima Injini: Bei ya Magari ya Kifahari kati ya Jebel Ali na Mombasa

Gari la kifahari la michezo likishushwa melini Jebel Ali, bandari ya Dubai iliyofunguliwa mwaka 1979, halidaiwi ushuru wa forodha maadamu limebaki ndani ya eneo huru lililoanzishwa hapo mwaka 1985. Linaweza kuwekwa ghalani na kupakiwa tena kwenda nchi nyingine bila forodha ya Dubai kumtoza mwenyewe hata senti. Likitolewa langoni liuzwe mjini, hutozwa asilimia 5, kiwango cha pamoja cha nchi za Ghuba tangu mwaka 2003, kisha VAT ya asilimia 5 iliyoanza mwaka 2018. Kwa hiyo gari ambalo thamani yake, bima na nauli ya meli zikiwamo, ni dola 200,000, hufikia dola 220,500 kabla muuzaji hajaweka faida yake. Gari la thamani hiyo hiyo likiteremshwa Mombasa, likiwa na injini ya petroli inayozidi sisi (cc) 3,000, hesabu hubadilika kabisa. Ushuru wa forodha wa asilimia 35 hulifikisha dola 270,000. Ushuru wa bidhaa, nao asilimia 35, hukokotolewa juu ya jumla hiyo mpya na kulipeleka dola 364,500. VAT ya asilimia 16 hupanda juu ya vyote viwili, ikawa dola 422,820. Ukiongeza ada ya tamko la uagizaji na tozo ya reli, unakaribia dola 432,000. Katika nyongeza hiyo ya dola 232,000, ushuru wa forodha ambao kila mtu huutaja kwanza ni dola 70,000 tu, chini ya theluthi moja. Hoja ya makala hii inaanzia hapo: kinachoamua bei ya magari haya ni kodi za ndani, namna zinavyopandiana, na kipimo kinachotumika kuamua lipi ni la anasa. Forodha ina sehemu yake, lakini ni ndogo kuliko kelele zinazoizunguka.

Nchi nyingine zinathibitisha jambo hilo. Marekani ilipotangaza ushuru wa ziada wa asilimia 25 kwa magari ya nje, ulioanza Aprili 2025, Ferrari ilisema itapandisha bei za baadhi ya magari yake huko kwa hadi asilimia 10, na mengine itayaacha yalivyo. Ushuru hutozwa kwenye thamani ya kuingizia, si kwenye bei ya dukani, na kampuni yenye faida nene kwa kila gari inaweza kumeza sehemu ya mzigo. Singapore haijengi ukuta mrefu forodhani, ila gari la kifahari huko ni ghali kupita kiasi. Tangu mwaka 2023, ada ya ziada ya usajili hufika asilimia 320 kwa sehemu ya thamani inayozidi dola 80,000 za nchi hiyo, na mnunuzi hushindania kwa mnada kibali cha kumiliki gari kinachodumu miaka 10. Walau pale kinachopimwa ni thamani.

Kwetu Kenya kinachopimwa ni injini, na hapo ndipo sheria inapojikwaa. Italia ilishapitia hayo. Ilipotoza VAT ya asilimia 38 kwa magari yenye injini inayozidi lita 2, Ferrari ilitengeneza kwa ajili ya soko hilo 208 GTB ya mwaka 1980, yenye silinda 8 zilizobanwa ndani ya sisi 1,991. Tajiri alipata Ferrari yake, hazina ikakosa kodi. Leo Ferrari 296 GTB ina injini ya sisi 2,992 inayosaidiwa na umeme, na nguvu zake ni farasi 830. Kwa kigezo cha ukubwa wa injini pekee, inapita chini ya mstari wa 3,000 wa Kenya. Toyota Prado ya dizeli ya lita 2.8, gari la mkandarasi na la shirika la misaada kwenye barabara za vumbi, inavuka mstari wa dizeli wa 2,500 na kulipa kiwango cha juu. Tanzania nayo inatoza ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 kwa kila injini inayozidi sisi 2,000, iwe ya gari la mashindano au la shamba. Sioni anasa gani iliyolengwa hapo.

Watetezi wa kipimo cha injini wana hoja nzito: sisi za injini hazidanganyi, ankara hudanganya. Mwagizaji anaweza kuandika nusu ya bei aliyolipa, na ofisa wa forodha hana namna rahisi ya kumbana. Ni kweli kwa magari mengi ya mitumba. Lakini magari ya michezo ya kifahari ni machache, bei zake hutangazwa na watengenezaji, na Mamlaka ya Mapato ya Kenya tayari inatumia orodha yake ya bei za rejareja kwa kila modeli inapokadiria magari yaliyotumika. Chombo kipo, kimebaki kutumika kwa kusudi hili pia.

Wengine watauliza kwa nini tusiige Dubai moja kwa moja na kushusha viwango vyote. Haifai. Dubai hula kutokana na kupitisha mizigo ya wengine: bandari, maghala, usafirishaji upya. Hazina za Nairobi na Dar es Salaam zinategemea kodi ya bidhaa zinazoingia. Na hata bei nafuu ya Dubai haimfikii Mkenya kirahisi, kwa sababu magari yanayouzwa kwa matumizi ya mjini humo yana usukani wa kushoto, nayo sheria ya Kenya hairuhusu yasajiliwe kwa matumizi ya kawaida. Katazo hilo lina nguvu kuliko asilimia yoyote, ingawa halionekani kwenye jedwali la ushuru.

Pendekezo kwa mawaziri wa fedha wa Afrika Mashariki, ambao wengi wao husoma bajeti zao kila Juni, ni hili: ondoeni mstari wa sisi katika ushuru wa bidhaa, wekeni mstari wa thamani, na kiwango cha juu kiwe kwa gari linalouvuka, liwe la petroli, dizeli au umeme.